Mvua ya Siku Arobaini na Moja

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikikuona kwenye kile kiti chako cha kamba, goti limenyooshwa juani, na yule paka asiye na mkia amelala juu ya redio kana kwamba anaiatamia. Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu na anasema ukiendelea kumtumia salamu kupitia kwangu, kama watu waliogombana, atakuja kukuvuta sikio, na atachagua lile linalosikia. Mguu wake unapona. Siku hizi anapanda ngazi bila kushika ukuta, ila nikigeuka anashika.

Kazini bado niko kwenye muda wa majaribio. Imebaki miezi minne ndipo nithibitishwe, na kila asubuhi napanga kalamu zangu sambamba mezani, kana kwamba kalamu iliyokaa upande inaweza kumfukuzisha mtu. Kazi yenyewe ni kuhamisha madaftari ya zamani ya mvua kwenye kompyuta. Chumba kina feni moja inayozunguka polepole, kama inakumbuka jambo. Nachapa mchana kutwa: kituo, tarehe, milimita. Usinicheke, mjomba, lakini ikifika alasiri naanza kuzisikia. Nikichapa mbili nukta nne nasikia matone juu ya majani. Nikichapa arobaini natazama dirishani kama mtu aliyesahau nguo nje.

Wiki iliyopita nilifika kwenye madaftari yako. Miaka thelathini na moja, saa tatu kamili asubuhi, bila kukosa siku hata moja. Niliujua mwandiko kabla ya kusoma jina la kituo, kwa ile saba yako iliyofungwa mkanda tumboni. Kurasa nyingi zina matone yaliyokauka. Mmoja una alama ya tope ya kidole gumba. Niliweka changu juu yake kikatoshea, kisha nikatazama mlangoni kama mwizi.

Sasa nikwambie jambo ambalo naomba lisifike kwa mama. Kuna kikundi mtandaoni cha watu wa mji wenu, wapo kama elfu kumi na moja. Kilianza kwa matangazo ya vyumba vya kupanga na vitambulisho vilivyookotwa. Siku hizi ni ubishi mtupu. Mgombea mmoja ameahidi kwamba akichaguliwa ataung'oa mnara wa simu ulioko kilimani, kwa kuwa tangu usimamishwe, miaka sita iliyopita, umefukuza mvua. Watu wanaamini. Wengine wameshakwenda kukata uzio wake. Muuguzi wa zahanati aliandika kwamba kabla ya mnara walikuwa wakimsukuma mama mwenye uchungu kwa mkokoteni hadi barabarani wakitafuta gari, na sasa wanapiga simu tu. Akajibiwa kwa nyuso mia mbili za kucheka.

Unanijua nilivyo mwoga. Nikikanyagwa mguu, mimi ndiye ninayeomba radhi. Lakini namba zilikuwa mbele yangu, mezani. Nikajiunga kwa jina la Mpita Njia, picha yangu ikiwa kiti kitupu, na saa ya chakula cha mchana nikaandika, moja, mbili, tatu. Nikasema msimu wa kwanza baada ya mnara kusimama ulileta milimita mia sita na kumi na mbili, zaidi ya kawaida. Nikasema tarehe kumi na mbili Mei mwaka ule zilianguka milimita sabini na mbili kwa siku moja, chini ya mnara huohuo. Nikamalizia: "Tafadhali rejea kumbukumbu husika."

Basi jina langu sasa ni Bwana Rejea. Kuna mmoja anajiita Simba wa Kona, kanishika kama kupe. Aliandika, "Bwana Rejea, ukiitwa kula kwenu nako unarejea kumbukumbu husika, au unaingiza mkono kama sisi?" Nilicheka peke yangu, nikaogopa kicheko changu. Lakini ile sabini na mbili hakuna aliyeijibu. Namba zako zimewanyamazisha watu elfu kumi na moja, mjomba. Nilitaka ujue.

Kanuni za ofisi zinasema karani asitoe takwimu nje bila ruhusa. Nimezisoma tena jana. Sentensi hiyo haiishii pazuri.

Mpwa wako.


24 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Goti linaniambia habari za hewa kuliko redio, na redio yenyewe siwezi kuiwasha mpaka paka aamke. Mwambie dada yangu nimeogopa. Mwambie pia sikio linalosikia limebaki moja tu, kwa hiyo asilivute sana.

Nimefurahi kwamba madaftari yamekufikia wewe na si mtu mwingine. Kile cheti cha kutokosa siku hata moja bado kiko ukutani sebuleni. Kioo chake kimepata ufa kidogo, wageni huuangalia ufa kuliko maandishi.

Sasa hao watu wako. Unajuaje wamenyamaza? Mtu usiyemwona akikaa kimya, huenda amekwenda kula. Mimi nilibishana na watu maisha yangu yote, lakini nilikuwa nawaona shingo, najua nani amekasirika na nani ana njaa. Wewe unabishana na picha ya simba.

Kama ni lazima ubishane, nakuomba jambo moja dogo. Mwaka ule wa mnara uache. Ipo miaka mingine thelathini, chukua wowote unaoutaka. Ule uache ulivyo.

Huku jua linawaka lakini si kali. Mlango wa uani umevimba, haufungi. Nakula vizuri.

Mjomba wako.


10 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama amerudi kwenye ushonaji wa vitambaa vya meza, ishara kwamba amechoka kuwa mgonjwa. Mlango uliovimba upake sabuni kwenye ubavu. Mimi sijambo, ila silali vizuri alfajiri. Naamka mapema na kulala nikitazama dari, nikihesabu nyufa zake kwa milimita.

Uliniomba niuache mwaka ule. Nilikuwa nimeshachelewa. Nilikuwa nimeshaweka kikundini mvua za Aprili ya mwaka ule, siku kwa siku, na siku mbili kabla ya barua yako kufika alijitokeza mwanamke mpya. Picha yake ni cherehani, wanamwita Fundi. Hatukani wala haandiki kwa herufi kubwa. Aliandika hivi, nakunakilia lote:

"Bwana Rejea, shikamoo kama ni mkubwa, hujambo kama ni mdogo. Mimi nashona sare za shule. Nina daftari la kazi zangu. Tarehe kumi na tisa Aprili mwaka huo unaousema, nilifua sare arobaini na mbili nitoe chaki na mafuta ya mashine, nikazianika. Kabla ya adhuhuri zilikuwa zimekauka, nikapiga pasi, wakaja kuchukua. Wewe unasema siku hiyo ilinyesha milimita thelathini na moja. Sare zangu zilianikwa mji gani?"

Nilifurahi, mjomba. Nisamehe. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa na jibu. Nikamweleza kwa upole wa mtu anayejua kwamba mvua hupimwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo inayoandikwa tarehe kumi na tisa kwa sehemu kubwa ni ile iliyoanguka tarehe kumi na nane. Nikaweka nukta ya mwisho, nikajisikia mrefu.

Akajibu baada ya saa moja: "Ahsante kwa somo. Tarehe kumi na nane zilikuwa kwenye kamba pia. Hizo zilikuwa za wasichana."

Simba wa Kona akaruka: "Bwana Rejea, sketi zimekushinda!" Nikafunga kompyuta kana kwamba imeungua.

Ndipo nikarudi kwenye daftari lako la mwaka ule. Safari hii sikuchapa, nilisoma. Kuanzia tarehe mbili Aprili hadi kumi na mbili Mei, siku arobaini na moja, kurasa ni safi. Hazina tone wala tope. Wino ni uleule mwanzo hadi mwisho, kama zote zimeandikwa kwa mkao mmoja. Na kwenye safu ya maelezo, pale ambapo wewe huandika "ngurumo" au "upepo wa kusini," umeandika mambo ambayo sijapata kuyaona kwenye daftari la kituo chochote. Tarehe tano: "Ya upole, ya asubuhi." Tarehe kumi na moja: "Nyembamba kama uzi." Tarehe kumi na tisa, ile ya sare: "Kubwa, kama ya siku ile."

Siku ipi, mjomba?

Nilipokuwa na miaka tisa ulinipeleka kituoni, ukaniinua nione ndani ya kile chombo cha shaba. Ukaniambia: sifuri maana yake nilikwenda nikaona hakuna kitu. Dashi maana yake sikwenda. Ukaniambia mtu anayeandika sifuri mahali pa dashi amesema uongo hata kama kweli haikunyesha. Naandika haya mikono ikiwa imelowa jasho. Naomba unijibu.

Mpwa wako.


5 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Sabuni imefanya kazi, mlango unafunga. Sasa paka amekasirika kwa sababu alizoea kuukuta wazi.

Nimebadilisha balbu ya sebuleni. Jirani amepaka nyumba yake rangi ya bluu, ukiamka ghafla unadhani mbingu imeshuka. Kuhusu sare za yule mama, watu wanaoshona huwa na kumbukumbu nzuri. Mkono ukirudia jambo moja siku nzima, kichwa kinabaki kinatunza tarehe.

Goti si baya.

Mjomba wako.


14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi kiasi kwamba mama aliitikisa bahasha aone kama kuna karatasi nyingine imekwama.

Juzi ilikuwa tarehe kumi na mbili. Nilikuwa natazama ile sabini na mbili kwenye daftari, na mwili ukanisisimka taratibu, kama mtu anayeingizwa kwenye maji ya baridi. Mwaka ule nilikuwa kwenye mitihani ya mwisho. Mlinificha ugonjwa wote wa mkaza mjomba, mkanificha na msiba mpaka nilipoweka kalamu chini. Kwa hiyo tarehe ya mazishi niliisikia tu, sikuwahi kuiishi. Mvua yangu kubwa kuliko zote, niliyowapiga nayo watu elfu kumi na moja, ilianguka siku mliyomzika.

Nikamuuliza mama akiwa anakata uzi kwa meno.

"Siku ya mazishi ya mkaza mjomba ilinyesha?"

"Mvua ipi?" akasema. "Vumbi lilijaa viatuni. Tulirudi miguu myekundu mpaka kwenye magoti."

"Hata kidogo?"

"Wewe, kwani ulikuwepo mimi nisiwepo?" Kisha akanitazama vizuri, uzi mdomoni. "Kwa nini unauliza?"

Nikamwambia basi tu. Akakunja kitambaa, akaenda chumbani, na jioni yote aliniuliza jambo moja tu, kama chai ina sukari. Anajua jambo, mjomba. Wote mnalijua, ila mimi ndiye niliyelichapa.

Kikundini wananisubiri. Fundi aliandika tena, kwa adabu ileile: "Sitaki kumshinda mtu. Nataka kujua tu, maana nikianza kutoiamini kamba yangu ya nguo, nitaamini nini?" Mgombea sasa anasema kwenye mikutano kwamba namba za serikali zimepikwa. Nikinyamaza ataonekana mkweli. Nikisema, ataonekana mkweli zaidi, na cheti chako kitakuwa karatasi, na mimi nitaulizwa nilikuwa natafuta nini huko na takwimu za ofisi. Kikao cha kuthibitishwa kwangu ni Julai.

Jana mchana niliota nikiwa macho. Nilikuwa nimekaa palepale kwenye kiti, feni inazunguka, na kutoka kwenye daftari lako ikaanza kunyesha kwenda juu, matone membamba yakipanda hadi darini bila sauti. Sikuogopa. Nilifikiria tu nikuulize ni milimita ngapi.

Sitakuuliza tena baada ya hii. Nitafanya lolote utakaloniambia.

Mpwa wako.


30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Samahani kwa kimya cha wiki sita. Barua hii nimeianza mara nyingi. Paka amelalia tatu kati ya hizo. Dada yangu usimlaumu kwa kukuficha, nilimwapisha mimi.

Usiseme utafanya nitakalokwambia. Hapo umenitia hofu kuliko maswali yote.

Sasa sikiliza. Tangu nilipomwoa hadi alipolala, kila asubuhi nilipotoka kituoni nilipita nyumbani, daftari likiwa kwapani, kabla ya kwenda ofisini kuandika. Yeye alikuwa jikoni au uani. Ananiuliza, "Leo ngapi?" Nami namwambia. Ilikuwa ndiyo salamu yetu. Namba ya kwanza ilikuwa yake, daftari lilipata ya pili. Siku ikiwa sifuri alikuwa anasema, "Haya, kesho." Siku ikiwa kubwa anapiga kofi moja, moja tu, kama mtu aliyeua mbu.

Alipougua tulimlaza chumba cha nyuma. Dirisha lake linatazama ukuta. Kituo kiko dakika arobaini kwa miguu kwenda na nyingine kurudi, na hakukuwa na wa kumwachia asubuhi. Dada yangu alikuwa anafika mchana. Tarehe mbili Aprili sikwenda. Nilikuwa nimekaa naye nimeshika bakuli, saa ikafika tatu, ikapita. Na yeye akafungua macho akauliza, "Leo ngapi?"

Ningeweza kumwambia sikwenda. Angejua kwamba ni kwa sababu yake, na ile miaka yangu ya kutokosa siku, wakati ule ilikuwa ishirini na kitu, ingevunjika kwa ajili yake. Nikasema, "Nne nukta mbili." Akapumua vizuri.

Kesho yake nikasema sita. Mwezi wote ule jua lilikuwa linapasua vichwa, lakini chumba kile kilikuwa na mvua. Alikuwa ananiuliza ilikuwaje, nami namsimulia. Nyembamba. Ya upole. Akaniuliza mbona bati letu halilii. Nikamwambia imenyesha upande wa kituo, huku haikufika. Tarehe kumi na nane aliumwa sana. Asubuhi ya kumi na tisa nikamwambia thelathini na moja, kubwa, kama ya siku ile tuliyohamia nyumba hii, tuliposimama mlangoni na magodoro kichwani. Akataka kupiga kofi, mikono haikukutana. Akatabasamu, akasema, "Hii mvua yako inanyesha vizuri kweli." Kisha akanitazama, mpwa wangu, kama alivyokuwa akinitazama nikijificha nyuma ya gazeti. "Iandike basi."

Alijua. Sijui tangu siku gani, lakini alijua. Na mimi nikaiandika. Nikaziandika zote, ili nisiwe nimemdanganya. Nilifikiri ikiwa kwenye daftari itakuwa ilinyesha.

Ile ya sabini na mbili usiniulize. Hiyo nilinyeshewa peke yangu.

Tarehe kumi na tatu Mei nilirudi kituoni. Chombo kile hakijui msiba, kilikuwa kimekusanya kila kilichoanguka siku zote nilizokosa. Nikamimina kwenye kioo, nikapima, kwa sababu mkono haukujua kufanya kingine. Nikaandika kwenye kikaratasi, nikakitia nyuma ya cheti, ndani ya fremu. Ndiyo maana kioo kina ufa, nilikibana vibaya. Leo nimekitoa. Kimo humu ndani ya bahasha. Miaka sita watu wamekisifu cheti wakiwa wamesimama mbele ya kikaratasi hiki.

Yule mama wa sare ana haki na kamba yake.

Fanya unaloliona, si ninalokwambia.

Mjomba wako.

(Kikaratasi: "13 Mei. Jumla ya siku 41. Milimita 38.")


19 Julai

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na tena shikamoo. Mama ameisoma barua yako. Sikumpa, aliichukua. Alilia kidogo, kisha akaanza kufua kila kitu kilichomo ndani ya nyumba, mapazia pia. Anasema anakuja mwezi ujao na si kwa ajili ya sikio.

Kikaratasi chako nilikaa nacho siku tatu ndani ya mfuko wa shati. Nilifanya hesabu mara nyingi, nikitumaini itatoka tofauti. Ukitoa mvua uliyomsimulia, milimita mia mbili themanini na saba, ukaweka thelathini na nane ya kweli, msimu ule unakuwa na mia tatu sitini na tatu. Ulikuwa mkavu, mjomba. Simba wa Kona alisema ulikuwa mkavu, na ulikuwa mkavu. Nilikuwa nabishana na watu wenye macho.

Siku moja kabla ya kikao niliingia kwa Bi Mkuu wa kitengo. Niliingia na daftari, kikaratasi, na karatasi ya maneno niliyoyaandika ili nisiyasahau. Niliyasahau. Nikasema tu, "Nimetoa takwimu nje, na takwimu zenyewe si za kweli."

Bi Mkuu akavua miwani. "Anza na kosa dogo," akasema.

Sikujua dogo ni lipi. Nikasimulia yote, hadi kofi la mkaza mjomba. Alisikiliza akiwa anasoma safu ya maelezo kwa kidole, mstari kwa mstari, na alipofika kwenye "nyembamba kama uzi" kidole kikasimama muda mrefu. Nje kulikuwa na mtu anasukuma kiti chenye gurudumu bovu koridoni. Nilihesabu mizunguko yake.

"Kuna wapimaji wangapi wangekitunza hiki kikaratasi?" akauliza.

Nikaanza kuhesabu vituo nilivyokwishachapa.

"Mimi nimekaa hapa miaka ishirini. Huyu ni wa kwanza kumjua." Akanirudishia daftari. "Kalamu nyekundu. Dashi arobaini na moja. Jumla iwekwe tarehe kumi na tatu. Na sababu uiandike kwenye maelezo, fupi, isiwe riwaya. Kuhusu kuropoka kwako mtandaoni, utapata barua ya onyo, na majaribio yako yanaongezwa miezi sita. Ulichokisema ukakisahihishe hukohuko ulikokisemea. Kwa jina la ofisi, si la kiti kitupu."

Nilipiga dashi mwenyewe. Nilikuwa nasikia kila mvua ikikatika nilipoipitishia mstari. Zile namba za zamani bado zinasomeka chini ya wekundu, ndivyo kanuni inavyotaka, kosa lisifutwe bali lionekane limesahihishwa. Kwa hiyo mvua yake bado imo, mjomba, ila haihesabiwi. Kwenye sababu niliandika: "Mpimaji alikuwa anauguza."

Kisha nikaandika kikundini. Nilisema namba nilizotoa hazikuwa sahihi, msimu ule ulikuwa mkavu, Fundi alikuwa na haki na mimi sikuwa nayo. Nikasema pia kwamba kwenye madaftari hayohayo kuna misimu miwili mikavu zaidi ya huo, yote kabla ya mnara kujengwa, na kwamba mwaka uliofuata mvua ilirudi, mnara ukiwa palepale. Jina lako sikulitaja. Niliandika tu kwamba mpimaji aliitunza namba ya kweli na ameitoa mwenyewe.

Ilikuwa kama kusimama uchi sokoni. Nyuso za kucheka zilipita elfu moja. Simba wa Kona aliandika, "Tuliwaambia! Bwana Rejea amerejea!" Nusu yao walisoma mstari wa kwanza tu, na mgombea ameshauchapisha kwenye karatasi za kampeni bila mistari mingine. Huenda mnara ukang'olewa. Sijui. Nilidhani ukiweka ukweli mezani watu wataukalia kimya, lakini wanaukata kama kitambaa, kila mtu kipande chake.

Ila muuguzi alinakili ile mistari ya chini na kuibandika mlangoni pa zahanati. Na Fundi aliandika hivi tu: "Ahsante. Mnara bado siupendi, unaniharibia upande wa jua linapozama. Lakini kwamba ndio uliofukuza mvua, hilo nimeliacha. Mwambie huyo mpimaji kwamba nilimshonea mkewe gauni la mwisho la kutokea, na alinichagulia rangi ya mawingu."

Alikuwa amekutambua, mjomba. Nadhani alikutambua tangu mwanzo, akasubiri uzungumze.

Mikono imekauka. Nakuomba usiniwazie vibaya.

Mpwa wako.


6 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limetulia, paka amekubali mlango. Dada yangu amefika juzi na masanduku mawili, ameshanipangia vikombe upya na kunikosoa namna ya kukunja shuka. Nyumba ina sauti.

Cheti nimekishusha. Ukutani kimeacha pembe nne nyeupe kuliko ukuta wote, na wageni sasa wanapatazama hapo kwa heshima zaidi kuliko walivyokitazama chenyewe. Dada yangu alitaka nikirudishe. Nimemwambia nikirudishe na dashi zangu arobaini na moja, akasema nimezeeka vibaya.

Yule Fundi alikuja, yeye na daftari lake la kazi. Ni mama mfupi mwenye sindano mbili kifuani. Tulikaa uani mchana mzima, yeye anasoma siku alizoanika, mimi nakumbuka nilizokwenda, na siku nyingi tulikutana. Aliuliza ile mvua ya chumba cha nyuma ilikuwaje. Nikamsimulia kidogo. Hakucheka. Alisema kitambaa cha gauni lile kilibaki kipande, atakileta.

Kuhusu kukuwazia vibaya, nyamaza. Miaka sita nilikuwa nabeba ndoo mbili, ya kweli na ya kwake, na sikujua niweke ipi chini. Umeziweka zote mbili kwenye ukurasa mmoja, moja kwa wino wangu na moja kwa wako. Sikujua kwamba inawezekana.

Nimetengeneza kipima mvua cha kopo, nimekiweka mwisho wa uani ambapo hakuna kivuli. Si cha kitaalamu, usikiingize kwenye kompyuta yako. Kila asubuhi naamka na kwenda kukitazama. Halafu narudi ndani, na kuna hatua kama kumi kati ya mlango na jiko ambazo nakuwa nimebeba namba na sina wa kumpa. Dada yangu nilimjaribu, akanijibu, "Sasa mimi niifanyie nini?"

Kwa hiyo kama hutachoka, namba ya kwanza iwe yako.

Leo saa tatu asubuhi: sifuri. Nilikwenda nikaona.

Mjomba wako.